Mdudu wa Kisiwa Kimoja

Ukitoka Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, ukaelekea mashariki, baada ya kama kilomita 55 za bahari unafika Frégate. Ni kisiwa cha mawe ya matale. Kilima chake kirefu kina mita 125, na eneo lake lote ni kilomita mbili za mraba na ushei, kiasi kwamba mtu mwenye afya anaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja na bado akawahi chakula cha mchana. Wageni wanaokwenda huko hulipa fedha nyingi na hupata cha kutazama: fukwe, kobe wakubwa wa Aldabra wanaojikokota vichakani, na ndege weusi wenye baka jeupe bawani ambao mwaka 1965 walikadiriwa kuwa 12 hadi 15 duniani kote, na wote walikuwa hapo. Kiumbe ninayetaka kumzungumzia mimi hawavuti wageni. Ni mbawakawa, hajui kuruka, hutoka usiku, na makazi yake ni kisiwa hicho basi. Hayupo Mahé, hayupo Praslin, hayupo Bara wala India. Wataalamu wamempa jina la Polposipus herculeanus. Hapa nitamwita mbawakawa wa Frégate.

Tumsogelee. Urefu wake ni milimita 25 hadi 30, sawa na kokwa la tende, ila yeye amejaa mgongoni, mviringo, na mgongo wote umetapakaa vinundu vya duara vilivyo laini juu. Rangi yake ni ya gome kavu, baina ya kijivu na nyeusi. Miguu ni mirefu kuliko unavyotarajia kwa mdudu mnene kiasi hicho, na ina kucha za kung'ang'ania shina. Mchana hujibanza kwenye nyufa za mti, chini ya gome lililobanduka, au ndani ya tundu lililoachwa na tawi lililovunjika. Mara nyingi hawakai mmojammoja. Mti huu utaukuta nao wengi, na mti wa jirani, ulio sawa na huu kwa macho yetu, hauna hata mmoja. Giza likiingia huanza kutembea taratibu, kupanda na kushuka shinani, wakitafuna gome laini, majani, kuvu na matunda yaliyoanguka. Ukimshika hukimbii naye mbali kabla hajakujibu: hutoa majimaji yenye harufu nzito ya miski, na kidole chako hubaki na doa la zambarau ambalo sabuni hailing'oi mara moja.

Majimaji ya namna hiyo tumeyanusa wengi wetu bila kujua. Mbawakawa wa Frégate ni wa familia ya Tenebrionidae, mbawakawa wa gizani, yenye spishi zipatazo 20,000, na jamaa yake mmoja yumo majumbani mwetu. Ni yule mdudu mwekundu wa unga, Tribolium castaneum, mwenye urefu wa milimita tatu au nne. Fungua unga wa ngano uliosahauliwa kabatini miezi mingi. Kabla hujaona kitu unapokewa na harufu kali, si ya kuoza wala ya ukungu, na unga wenyewe umeanza kugeuka rangi kidogo, kama umetiwa tone la waridi. Upitishe kwenye chekeche. Unga unashuka, wao wanabaki juu, wekundu, wakikimbia huku na huko kutafuta pa kujificha. Harufu ile na rangi ile ni kemikali za jamii ya kinoni zitokazo kwenye tezi zilizo mwishoni mwa tumbo, na ndiyo silaha ya sehemu kubwa ya familia hii. Anayechekecha unga Manzese na anayemshika mbawakawa usiku Frégate wanakutana na kinga ya ukoo mmoja.

Lakini tazama elimu ilivyowagawia ndugu hawa wawili. Wa unga amechunguzwa kuliko karibu wadudu wote. Mwaka 2008 alikuwa mbawakawa wa kwanza duniani kusomewa chembe zake za urithi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na maabara nyingi zinamfuga kwa maelfu. Sababu inaeleweka, kwani anakula akiba ya chakula chetu, anazaa haraka, na anafugika kwenye chupa ya unga. Wa Frégate alipewa jina mwaka 1848 na Antoine Solier, Mfaransa wa Marseille aliyekuwa mhandisi wa jeshi na ambaye familia hii ya mbawakawa ilikuwa shughuli ya maisha yake. Baada ya hapo alikaa karibu miaka 150 bila kushughulikiwa sana na mtu. Yaliyoandikwa juu yake ni machache, na sehemu kubwa ya hayo machache yanahusu namna ya kumzuia asipotee. Maisha yake yenyewe, anavyouchagua mti, anavyomtambua mwenzake gizani, yameguswa kidogo mno. Na si kwamba yeye ni tawi dogo la jamii kubwa iliyokwisha kuelezwa. Jenasi yake ina spishi moja tu, yeye mwenyewe. Akiondoka yeye, ukoo umefungwa.

Naona jambo hili halitukeri vya kutosha. Tumezoea kudhani kwamba kisichojulikana kiko mbali, kwenye vilindi vya bahari au nyuma ya mito isiyovukika. Kumbe kipo kwenye gome la mti, kwenye kisiwa chenye uwanja wa ndege, na watu wanalala umbali wa hatua chache kutoka hapo.

Kutoruka kwake kuna historia ndefu katika fikra za watu. Katikati ya karne ya 19, Mwingereza Thomas Wollaston alikusanya mbawakawa wa visiwa vya Madeira, na katika spishi zipatazo 550 alizozijua, 200 zilikuwa na mabawa yasiyofaa kuruka. Charles Darwin aliichukua hesabu hiyo akaitia katika kitabu chake cha mwaka 1859. Maelezo yake yalikuwa mepesi kueleweka: kisiwani kwenye upepo mkali, mdudu anayependa kuruka ndiye anayepeperushwa baharini, na mvivu wa kuruka ndiye anayebaki kuzaa. Kizazi baada ya kizazi, mabawa yanapungua. Ni maelezo mazuri, na kwa Madeira huenda yanatosha. Kwa familia hii ya gizani, hata hivyo, pana sababu nyingine inayokwenda sambamba. Wengi wao wamepoteza uwezo wa kuruka hata katikati ya jangwa la Namib, kilomita nyingi kutoka ufukweni, kwa sababu magamba mawili ya mgongoni yakiungana yakawa kitu kimoja, yanafunga hewa chini yake na kuzuia maji ya mwili yasipotee. Mbawakawa wa Frégate ana magamba hayo yaliyoungana. Kwa hiyo huenda hakuja kisiwani akiwa na mabawa akayapoteza hapo. Huenda wazee wake walikwisha kuwa waendaji kwa miguu zamani sana, kabla kisiwa hakijawa kisiwa.

Na kweli hakikuwa kisiwa siku zote. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilishuka kiasi cha mita 120 chini ya ilipo leo. Visiwa vya matale vya Ushelisheli vimekaa juu ya tambarare ya chini ya maji, na sehemu kubwa ya tambarare hiyo haifiki kina cha mita 80. Wakati ule yote ilikuwa nchi kavu. Kutoka Frégate mpaka Mahé palikuwa na ardhi, na bila shaka miti, na mdudu wa miguu mirefu angeweza kwenda, si yeye mwenyewe kwa umri wake bali ukoo wake, shina kwa shina, miaka na miaka. Kisha barafu ikayeyuka, maji yakapanda, yakaikata nchi ile vipande, na vilele vyake ndivyo visiwa vya leo.

Ndiyo maana naona vigumu kuamini kwamba alikuwa wa Frégate peke yake tangu awali. Inanielea zaidi kwamba aliwahi kuwa mwenyeji wa nchi pana zaidi, na kwamba kilichombakiza Frégate ni kitu ambacho hakikutokea hapo. Wakazi wa kwanza wa kudumu walifika Ushelisheli mwaka 1770, na meli zilileta panya. Panya weusi walienea Mahé, Praslin na visiwa vingi vikubwa. Frégate hawakufika. Mdudu mnene, mzito wa mwendo, asiyeruka, anayelala kwenye nyufa ambazo panya anazifikia bila taabu, hana ujanja mbele ya mnyama huyo. Majimaji ya miski yanaweza kumchukiza ndege, lakini panya mwenye njaa hujifunza. Historia ya visiwa imejaa wadudu wakubwa waliomalizwa hivyo. Basi uhai wa mbawakawa huyu ulitunzwa miaka zaidi ya 200 na kutokuwepo kwa panya. Hakuna aliyeulinda kwa makusudi na hakuna aliyejua kwamba unalindwa.

Wazo hili limenikaa. Vitu vingi tunavyovitunza tunavitunza kwa kuongeza: uzio, askari, fedha, miche. Mara chache tunafikiria thamani ya kitu ambacho hakijafika, na kazi ya kuhakikisha hakifiki. Kazi hiyo haina sherehe. Mtu akifanikiwa kuzuia panya asishuke gatini leo, jioni hakuna cha kuonyesha. Kisiwa kiko vilevile kilivyokuwa asubuhi.

Mwaka 1995 panya walifika Frégate. Walikuwa panya wa kahawia, wale wakubwa wa bandarini na mitaroni. Waliokuwa wakimwangalia ndege yule mweusi walishtuka, kwa kuwa paka walikwisha kuondolewa kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili yake, na sasa adui mwingine ameingia. Safari hii mbawakawa naye alikumbukwa. Mwaka 1996 wadudu wachache walichukuliwa hadi bustani ya wanyama ya London ili wazaliane huko, iwapo kisiwa kitashindwa. Kutoka hapo vizazi vyao viligawiwa bustani nyingine za Ulaya. Wakawekwa kwenye masanduku yenye joto la umeme, wakapewa udongo, mbao zilizooza, magome na matunda, na watu wakaketi kujifunza kwa mara ya kwanza mambo ya msingi kabisa juu yao: anataga wapi, buu anataka unyevu kiasi gani, mkubwa anaishi muda gani. Ilibainika kwamba mkubwa huishi miaka kadhaa, muda mrefu kwa mdudu.

Nawaheshimu waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo moyo wangu hautulii nikifikiria sanduku lile. Mdudu wa kwenye sanduku amekamilika viungo vyote, anakula, anapanda mwenzake, anazaa. Lakini hana mti wa kuuchagua na mti wa kuukataa, hana mvua ya pepo za kaskazini-magharibi, hana ndege wa kumkwepa. Tunakuwa tumeokoa mwili na uzao. Mengine yote yaliyomfanya awe alivyo yamebaki kule, na kule kukiharibika, sanduku halina pa kumrudisha.

Sisi Watanzania tunalijua jambo hilo kwa uchungu. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Udzungwa, katika eneo dogo mno lililonyeshewa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakageuzwa kwenda kuzalisha umeme, manyunyu yakakatika, na mwishoni mwa mwaka huohuo vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani, katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hawapo tena. Walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012, chini ya manyunyu yanayotengenezwa kwa mabomba. Tulihitaji umeme, na bado tunauhitaji. Simlaumu mtu aliyewasha taa. Nasema tu kwamba kiumbe wa mahali pamoja hana mahali pa pili, na hesabu yake ifanywe kabla ya ujenzi.

Frégate ilikuwa na bahati zaidi. Mwaka 2000 kisiwa kizima kilinyunyiziwa chambo chenye sumu kwa helikopta, kilima na bonde, pasiachwe kipande ambacho panya mmoja mwenye mimba angeweza kujificha. Ndege na kobe waliokuwa hatarini kula chambo walikamatwa kwanza wakawekwa vizimbani mpaka hatari ikapita. Mbawakawa hakuhitaji kukamatwa. Sumu ile huua kwa kuzuia damu isigande, na mdudu hana damu ya namna hiyo. Panya wakaisha. Tangu hapo mzigo unaoshuka kisiwani ni jambo la kukaguliwa, kwa sababu ile kazi isiyo na sherehe sasa ni lazima ifanywe kila boti inapofika.

Kuna sehemu ya habari hii inayonivutia kuliko zote, nayo ni ya miti. Mti ambao mbawakawa wa Frégate anaonekana zaidi juu yake ni sandragon, Pterocarpus indicus, ndugu wa mninga wetu. Ukiukwangua gome hutoka utomvu mwekundu, kama mninga. Lakini sandragon si mti wa asili wa Ushelisheli. Kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki, na ulipelekwa visiwani na watu. Mti mwingine anaoukalia ni mkorosho, ambao kwao ni Brazili. Kisiwa chenyewe kilikwisha kufyekwa zamani kwa ajili ya minazi, kahawa, vanila na mazao mengine ya biashara, na msitu wa awali ulibaki mapande.

Nani waliopanda mashamba ya visiwa vile? Kwanza watumwa walioletwa na walowezi wa Kifaransa kutoka Madagaska na Afrika. Halafu, kuanzia mwaka 1861 hadi miaka ya mwanzo ya 1870, manowari za Uingereza ziliteremsha Mahé watu zaidi ya 2,000 waliokamatwa ndani ya majahazi ya watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Waliitwa huru, kisha wakakabidhiwa kwa wenye mashamba wafanye kazi kwa mkataba. Wajukuu wao ni sehemu kubwa ya Washelisheli wa leo. Kwa hiyo mandhari ambayo mbawakawa huyu anaishi ndani yake haikuumbwa na maumbile peke yake. Ina jasho la watu ambao wengine babu zao ni babu zetu, na miti iliyovuka bahari mbili.

Na yeye akaikubali. Miti yake ya kwanza ilipopungua alihamia kwenye ya wageni, ilimradi ina gome lenye nyufa, mashimo, na kuni iliyokufa ya kulea watoto. Wapo wahifadhi ambao wakiona mti wa kigeni mkono unawasha kuushika msumeno. Mara nyingi wana haki, kwa kuwa mimea mingi ya kigeni imemeza misitu ya visiwa vile. Hapa lakini, ukiung'oa mgeni unamfukuza mwenyeji. Naona ni somo la upole kwa yeyote anayedhani anajua kwa kuangalia mara moja kipi ni cha hapa na kipi si cha hapa. Anayejua ni mbawakawa, na ameshachagua.

Miaka ya 2000 sandragon ulipata msiba wake. Ugonjwa wa mnyauko uliingia Ushelisheli na kuikausha miti mingi mikubwa. Chanzo ni kuvu aitwaye Fusarium oxysporum, spishi ileile ambayo aina yake nyingine huleta mnyauko wa Panama kwenye migomba. Wakulima wetu wanaijua tabia yake: huingia kwa mizizi, huziba mishipa ya maji, majani yanageuka njano yakiwa bado juu ya mti, na vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi vikisubiri. Huhama na tope la kwenye viatu, jembe na miche. Tena tunarudi kwenye kile kisichopaswa kufika. Panya unaweza kumwona. Kuvu anakuja chini ya soli ya kiatu cha mtu mwema kabisa aliyekuja kutazama kobe.

Mti uliokufa una faida kwa mbawakawa kwa muda, na hili si la kupuuzwa. Mabuu ya mbawakawa huyu hukua ndani ya mbao zinazooza na udongo wake. Buu ni mrefu, mgumu wa ngozi, rangi ya manjano ya kahawia, na kazi yake ya usiku na mchana ni kutafuna kuni iliyolainishwa na kuvu mpaka iwe unga, na unga uwe udongo. Kwa hiyo shina lililoanguka, ambalo mtunza bustani analiona uchafu, ndilo chumba cha watoto. Hoteli ya kisiwani ikitaka njia zake ziwe nadhifu, magogo yakaondolewa na kuchomwa, wakubwa watabaki wakitembea juu ya miti miaka kadhaa, watu wataona wapo, watatulia, na wakati huo hakuna kizazi kinachokuja nyuma yao. Kwa mdudu anayeishi muda mrefu kosa huchelewa kuonekana.

Nimewahi kuulizwa, na walioniuliza si watu wabaya, mdudu huyu anatusaidia nini. Ninaweza kujibu kwa lugha ya faida. Ningeweza kusema kwamba anageuza kuni kuwa udongo, na kwamba kemikali zake zinaweza siku moja kufaa dawa. La kwanza ni kweli, la pili huenda. Lakini sitaki kumtetea kwa njia hiyo peke yake, kwani siku faida ikionekana ndogo kuliko gharama, utetezi wote umekwisha. Mdudu wa unga ana hasara tupu kwetu, na tumempa maabara. Huyu hajala punje ya mtu yeyote. Ameishi juu ya jiwe moja katikati ya Bahari ya Hindi, ameona nchi yake ikizama mpaka kubaki kilele, msitu wake ukigeuzwa shamba, na bado yupo, usiku huu, anapanda shina. Kwangu mimi kuwepo kwake kunatosha kudai uangalifu wetu, na anayetaka sababu zaidi ndiye anayepaswa kujieleza.

Kwetu Afrika Mashariki nako tunao viumbe wa mahali pamoja. Popo mkubwa wa Pemba hayupo kisiwa kingine chochote, na wanakijiji wa Kidike wamejipangia kumlindia miti yake. Milima ya Taita ina ndege wasiopatikana mlima mwingine. Usambara Mashariki ina viumbe wadogo ambao bado hawajapewa hata jina. Kisiwa cha Chumbe, ng'ambo kidogo tu ya mji wa Zanzibar, kiliondolewa panya mwaka 1997, na tangu hapo kinadai ulinzi uleule wa kila siku unaodaiwa na Frégate.

Msomaji, ukipanda boti kwenda kisiwa chochote kidogo, Chumbe au Misali au kingine, fungua begi lako ulikague, piga-piga viatu tope lidondoke kabla hujapanda, na usichukue mche wala udongo kwa ajili ya rafiki. Ukiwa na shamba lenye mti mzee uliokufa wenyewe, usiuchome kwa sababu tu hauna sura. Uache ulale pembeni uoze.